Wimbo Uko Wapi? Maoni ya Mpenzi wa Ngano Kuhusu Uandishi wa Kubuni

Bibi yangu mzaa mama hakukubali hata siku moja kututambia ngano mchana. Tulipomsihi, alitujibu kwamba atambaye ngano jua likiwa juu hupotelewa na ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wawili tu, hakuwa tayari kujaribu bahati. Tulisubiri basi hadi usiku, chungu kikiisha kuepuliwa na moto ukibaki makaa, ndipo Susu (hivyo ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo bibi) alipovuta kigoda chake, akakohoa kidogo, akaanza.

Ngano niliyoipenda kuliko zote ni ile ya msichana na ngoma. Msichana alikwenda mtoni na wenziwe kuoga, akasahau shanga zake juu ya jiwe. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani akazikumbuka. Akawaimbia wenziwe wamsindikize. Mmoja baada ya mwingine wakakataa. Akarudi peke yake, akalikuta zimwi limelikalia jiwe. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka nayo vijijini. Kila lilipoipiga, msichana aliimba, na watu waliostaajabia ngoma yenye sauti ya mtu walilipa zimwi chakula. Siku moja likafika kijijini kwao msichana. Mama akaisikia sauti. Zimwi likanyweshwa pombe likalala, msichana akatolewa, na ngoma ikajazwa nyuki.

Ngano hii si ya Susu peke yake. Husimuliwa na Waswahili wa pwani, na imerekodiwa katika lugha kadha za Kibantu hadi kusini mwa bara letu. Hata huyo mla watu jina lake ni moja: Waswahili husema zimwi, sisi Wakamba eimu, Wakikuyu irimu, Wazulu izimu. Yaelekea zimwi lilisafiri pamoja na wahenga wetu tangu kabla hawajaachana njia.

Nilipoingia shule ya upili, ngano zilinirudia zikiwa zimevaa sare. Nilijifunza kwamba kuna hurafa, hekaya, visasili na mighani; kwamba ngano huanza kwa fomula maalum; kwamba ina dhima ya kuburudisha, kuelimisha na kuonya. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, tulizoea kutarajia kisa kifupi na chini yake swali la kutaka mafunzo yake. Tulijua la kujibu hata kabla hatujamaliza kukisoma kisa chenyewe: tamaa ni mbaya, utiifu ni mwema, umoja ni nguvu. Chuoni nikakutana na Vladimir Propp, Mrusi ambaye mwaka 1928 alitoa kitabu kilichochunguza ngano mia moja za Kirusi na kuonyesha kwamba matendo ya wahusika wake yaweza kupangwa katika majukumu 31. Simdharau Propp, nimemtumia katika kazi zangu za darasani na nitamtumia tena. Wala sidai kwamba uainishaji hauna maana. Ninalolilalamikia ni kwamba katika miaka yote hiyo ya kuichambua ngano, hakuna aliyenitaka niitambe, wala aliyeniuliza imetengenezwaje hata ikamkesheza mtoto wa miaka sita. Tulifunzwa kuipasua maiti, na tuliobahatika tulikuwa tumekwisha kuiona hai jikoni kwa bibi zetu.

Madhara ya hali hii niliyaonja mwenyewe nilipojaribu kuandika. Nikiwa mwaka wa nne wa shahada ya kwanza, niliandika hadithi fupi niliyoiita "Ngoma". Zimwi nililigeuza tajiri wa mjini anayewachukua wasichana vijijini kwa ahadi ya kazi ya uyaya, kisha akawafungia ndani. Niliona nimefanya jambo la maana: nimeihuisha fasihi simulizi, nimegusia masuala ya kisasa, nimemtetea mwanamke. Wimbo niliuondoa. Kwenye karatasi ulionekana wa kitoto, mistari ile ile ikirudiwa mara nne, nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Badala ya wimbo nikaweka bangili: mama anaiona picha gazetini, anaitambua bangili mkononi mwa mwanawe, anapanda basi.

Hadithi hiyo niliipeleka kwa mhariri mmoja aliyekuwa akiandaa mkusanyiko wa hadithi za waandishi chipukizi. Akanijibu kwa upole kwamba lugha ni nzuri ila funzo halijitokezi. Niongeze aya moja hivi mwishoni. Nikaongeza. Nikamsimamisha mama mbele ya wanakijiji, akawahutubia juu ya ubaya wa kuwatuma watoto wa kike mijini. Mkusanyiko wenyewe haukuchapishwa, na aya ile ya mawaidha imebaki mikononi mwangu kama mgeni aliyekosa basi la kurudia kwao.

Likizo ya Desemba nilimsomea Susu hadithi yangu, nikiifasiri kwa Kikamba kadiri nilivyosoma. Alisikiliza hadi mwisho. Hotuba ya mama haikumshughulisha hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Wimbo uko wapi?"

Nikamweleza mambo ya karatasi na wasomaji wa kisasa.

"Sasa mama alimjuaje mwanawe?"

"Kwa bangili, Susu."

"Bangili huuzwa sokoni," akasema, kisha akaomba apitishiwe chai.

Wanafunzi wenzangu, nimesoma vitabu kadha kuhusu ufundi wa bunilizi, lakini sijapata uhakiki mkali na wa haki kama huo. Tazama kazi inayofanywa na wimbo katika ngano ile. Mara ya kwanza msichana anauimba kuwaomba wenziwe, wanamkatalia, nasi tunaujua upweke wake bila ya msimulizi kuutaja. Ndani ya ngoma anauimba tena, na sasa ni kazi ya utumwa: zimwi linakula kwa sauti yake. Mwishoni sauti hiyo hiyo ndiyo inayoliangamiza zimwi, nalo ndilo lililomlazimisha msichana kuimba. Kila takriri inaikuta hadhira ikijua zaidi kuliko ilivyojua awali. Mimi niliyefunzwa kwamba nyimbo katika ngano "huondoa ukinaifu na kuishirikisha hadhira" niliukata mshipa wa moyo nikidhani nakata ukucha.

Wala hili si la ngano za Ukambani tu. Mkumbuke Fumo Liongo kifungoni. Ni kwa wimbo anampelekea mamake ujumbe kupitia kwa kijakazi, kwamba tupa ifichwe ndani ya mkate. Na ni wakati ngoma na nyimbo za gungu zinaporindima nje ndipo anapokata minyororo pasi walinzi kuisikia tupa. Ukiziondoa nyimbo hizo, Liongo hatoki gerezani.

Yapo mambo ya kweli ya kusemwa kwa upande wa pili. Kuandika ni kubadilisha, na hakuna ngano iliyowahi kuingia kitabuni ikatoka kama ilivyoingia. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu za kwanza za ngano zao mwaka 1812 na 1815, kisha wakaendelea kuzirekebisha hadi toleo la 1857. Katika toleo la 1812, mwanamke anayetaka kumwua yule binti mweupe kama theluji ni mama yake mzazi. Mwaka 1819 akageuzwa mama wa kambo. Wazazi wa wakati huo walikuwa wakivinunua vitabu hivyo kwa ajili ya watoto, na mama mzazi mwuaji hakufaa sebuleni. Hivyo mama wa kambo mwovu, ambaye siku hizi tunamdhania kuwa mhusika wa kale na kale, katika ngano hiyo aliingizwa na kalamu ya mhariri. Jambo jingine lanifurahisha zaidi. Katika dibaji ya juzuu ya pili, Grimm walimsifu mmoja wa watambaji wao, Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani, kwa kuwa alipotakiwa kuirudia ngano aliirudia vile vile, na akiteleza neno alijisahihisha papo hapo. Mama huyo angepatana sana na Susu.

Kwetu pia, ngano za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 zilipita mikononi mwa mmisionari aliyekuwa na haja zake. Tunamshukuru kwa kuzihifadhi, lakini maswali ya hadhira, vicheko na kukatizana hatuvisikii tena tunapozisoma.

Kwa hiyo suala si kama mwandishi abadilishe au asibadilishe. Suala ni anabadilisha kwa ajili ya nini, na hapa nitathubutu kumgusa mkubwa. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, inafanana mno na kisa kimoja cha *Alfu Lela Ulela*, ambamo liwali wa Basra anawachapa mbwa wawili kila usiku, kisha anawakumbatia, maana mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Shaaban Robert akawafanya manyani, na liwali akampa jina Adili. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi. Kila ninapofika pale Adili anapowapiga nduguze usiku huku moyo ukimuuma, usingizi wote hunitoka. Ni taswira ya kutisha: mtu mwema aliyelazimishwa kuwa katili kwa wale anaowapenda. Ila majina ya wahusika yananiharibia. Ndugu aitwaye Hasidi hana jinsi ila kuhusudu, na nikishalijua jina lake sina la kumngojea. Najua wapo walimu wetu watakaosema kwamba Shaaban Robert aliandika kwa kaida za wakati wake, na kwamba majina hayo ni istiari inayojitegemea. Sawa. Lakini tukubali pia kwamba sisi wanafunzi wake tumeyarithi majina na mawaidha, tukayaacha manyani.

Mfano wa urithi mwema ninauona katika *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka mwaka 2002. Huo ni msafara wa ngano kabisa: kijana anatoka kwao, anasafiri kumtafuta mtu asiyemjua, anakutana na maajabu njiani. Na anayetafutwa, P.P., anatokea kuwa Peter Pan, mtoto wa hadithi za Kiingereza aliyekataa kukua. Wamitila hakuiazima ngano ili atoe onyo mwishoni. Ameazima njia yake ya kwenda, na katika njia hiyo akapitisha siasa ya dunia nzima bila kuiomba radhi hadhira kwa maajabu anayoyasimulia.

Hapo ndipo penye siri ambayo natamani tungeifundishana katika chama chetu. Mtambaji haombi radhi. Akisema "Paukwa", na hadhira ikajibu "Pakawa", mkataba umefungwa: kuanzia hapo ngoma yaweza kuwa na mtu ndani, na hakuna atakayeuliza alipataje hewa. Anachotudai ni kwamba mambo yafuatane kwa mantiki ya ulimwengu aliouumba, kwa hiyo anaweza kupuuza rangi ya nguo za zimwi, lakini shanga hathubutu kuzisahau. Nikizisoma hadithi tunazoshindanisha sisi wanafunzi, zangu zikiwamo, naona kinyume. Tunaeleza hali ya anga, tunaeleza mhusika alivyohuzunika na kwa nini, tunachopeka methali tatu katika aya moja ili mwalimu aone tumesoma, kisha tunasahau shanga.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, ananishutumu kwamba nataka kuirudisha fasihi ya Kiswahili jikoni. Nimemwambia jikoni hapana aibu. Waliotufunza kusikiliza walikuwa huko, na wengi wao walikuwa wanawake ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote ya waandishi. Lakini ana hoja moja inayonikosesha raha. Ngano zangu nilizisikia kwa Kikamba. Kiswahili nilikisoma darasani. Je, sikio lililofunzwa kwa lugha moja laweza kuongoza mkono unaoandika kwa nyingine? Msomaji aliyezaliwa Lamu au Vanga hana tatizo hili, au ana jingine. Kwa sisi wa bara ni jambo la kila sentensi.

Hadithi ya "Ngoma" ninaiandika upya. Hotuba nimeifuta na bangili nimeitupa. Msichana sasa anaimba jikoni kwa tajiri, na mama, aliyekuja mjini kwa shughuli nyingine kabisa, anapita nje ya ukuta. Tatizo ni wimbo wenyewe. Nimeufasiri kwa Kiswahili mara tano. Maneno yanakubali, mizani inakubali, lakini nikiuimba sauti si ya msichana yule. Ni ya mtu aliyeufasiri wimbo. Mwezi uliopita niliuandika kwa Kikamba katikati ya ukurasa wa Kiswahili, bila tanbihi, nikauacha hivyo. Mama aliye nje ya ukuta atauelewa. Kama msomaji wa Kiswahili atakubali kusimama naye hapo, asikie sauti kabla ya kuelewa maneno, sijui bado. Susu ameniahidi kuusikiliza Desemba, usiku.