Tuhesabu Aina, Si Magunia Peke Yake

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Wanafunzi wenzangu, methali hii twaiandika katika insha kila muhula, lakini tukifika mezani twaisahau. Mbachao ninaousema hapa ni mboga zetu za kienyeji: managu, saga, terere, kunde, mrenda, mitoo na majani ya malenge. Maoni yangu ni kwamba mboga hizi hazitaokolewa kwa kusifiwa. Zitaokolewa tukianza kuzihesabu, na wanaonunua chakula kwa wingi, zikiwemo shule, wakianza kuziagiza.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili ni zito. Mwaka wa 2019, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu mimea ya chakula. Ilisema kuwa binadamu amelima aina zipatazo 6,000 za mimea kwa ajili ya chakula. Katika hizo, zisizofika 200 ndizo zinazotegemewa sana, na aina 9 tu hutoa asilimia 66 ya mazao yote duniani. Wingi wa aina za viumbe ndio wataalamu huita bayoanuwai. Mimi naulinganisha na timu ya mpira pale Camp Toyoyo. Timu isiyo na mchezaji wa akiba, mmoja akivunjika mguu, kwisha habari!

Msidhani natia chumvi. Mwaka wa 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza nchini mwetu, huko Bomet, kisha ukaenea sehemu nyingine. Mahindi yalikauka yakiwa shambani. Wataalamu waliwashauri wakulima wapande mazao yasiyo nafaka, kama vile maharagwe na viazi. Je, aliyekuwa amepanda mahindi matupu alikula nini msimu huo?

Huenda msomaji akauliza: sisi wa Jericho, Maringo, Mbotela na Makongeni tunahusika vipi, na mashamba hatuna? Tunahusika sana. Mkulima hupanda kile ambacho mjini kinanunuliwa. Mboga hutoka shambani, zikapitia kwa dalali, zikafika Marikiti, mama mboga akazichukua alfajiri na jioni zikaingia kwa sufuria yetu. Njia hiyo yote watu huulizana, "Magunia ni mangapi?" Hakuna anayeuliza, "Aina ni ngapi?"

Mimi niliamua kuuliza. Muhula uliopita nilipitia vibanda 10 vya mboga nikiwa na daftari. Sukuma wiki na kabeji nilizipata katika vibanda vyote. Managu nilipata katika 4, kunde katika 3, na mitoo katika kimoja tu. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nabeba ile inatoka. Hiyo mitoo yako itanikaukia hapa."

Mama huyo hana makosa, na wala sukuma wiki haina makosa. Ni ya bei nafuu, huiva upesi, na jina lake lenyewe latueleza kazi yake. Managu ni chungu kidogo, huchukua muda kuchambua na kupika, na makaa siku hizi si bei ya kucheza. Kwa hivyo kumwambia mzazi wa hapa Makadara ati aache sukuma ni kumkejeli. Ninachotaka ni kuongeza, sio kuondoa.

Tena inawezekana. Zamani mboga hizi zilidharauliwa, zikaitwa magugu na chakula cha maskini. Kuanzia miaka ya 1990, wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walizitafiti na kuonyesha ubora wake. Leo zinauzwa hata katika maduka makubwa. Mbegu nyingi za mimea ya nchi yetu zimehifadhiwa katika benki ya mbegu kule Muguga. Lakini mbegu iliyo kwenye baridi bila kupandwa ni kama kitabu kilichofungiwa kabatini.

Hata sheria ilikuwa imewabana wakulima. Kwa sheria ya mbegu ya 2012, aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa angeweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka wa 2022, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kuwa vipengele hivyo vinakiuka katiba. Wakulima wamefanya sehemu yao. Je, sisi walaji?

Natoa rai mbili. Kwanza, chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa Kilimo tuhesabu aina za mboga sokoni kila muhula, na matokeo yabandikwe ubaoni. Tutajua ni ipi inayopotea kabla haijapotea. Pili, jikoni la shule lipike managu au kunde siku moja kwa wiki, na liagize mapema. Mama mboga akiwa na hakika ya mnunuzi, hataogopa kubeba. Hata mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa mwaka wa 2023 kulisha watoto wa shule hapa Nairobi, uhesabiwe kwa sahani na pia kwa aina za chakula kilichomo.

Ni kweli haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijazwa aina moja tu, siku ugonjwa ukiingia shambani tutakikuta kitupu.