Kiingereza kinavyowasumbua Wajapani, na kwa nini jambo hilo linatuhusu

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe wa sauti kwenye kipindi cha asubuhi. Aliuliza: "Hawa Wajapani wanatengeneza pikipiki na magari tunayopanda kila siku. Mbona nasikia Kiingereza kinawashinda?" Muda wa hewani haukutosha, kwa hiyo tumeandika majibu hapa uyasome kwa nafasi yako.

Ni kweli kinawasumbua. Kampuni ya EF hutoa kila mwaka orodha ya nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kujifunza. Mwaka 2024 Japani ilikuwa ya 92 kati ya nchi na maeneo 116. Orodha hiyo hupima watu waliojitokeza wenyewe kufanya mtihani mtandaoni, kwa hiyo tusiichukue kama sensa. Lakini serikali ya Japani yenyewe imehangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Tangu 1987 huleta vijana wa nje kusaidia walimu wa Kiingereza mashuleni. Mwaka 2020 Kiingereza kilifanywa somo rasmi lenye alama kwa darasa la tano na la sita. Mtaala mpya unataka mtoto amalize shule ya msingi akiwa na maneno 600 hadi 700, kisha aongeze 1,600 hadi 1,800 katika miaka mitatu inayofuata.

Basi maneno yanafundishwa. Tatizo liko wapi?

Neno limevaa nguo nyingine

Kijapani kinafanana na Kiswahili kwa jambo moja: kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Neno la kigeni likiingia huongezewa irabu. Sisi tunasema hoteli, wao husema hoteru. Sisi basi, wao basu. Sisi shati, wao shatsu. Kijapani kina maelfu ya maneno ya namna hii, na mtoto huyajua kabla hajaanza shule.

Ungedhani huo ni msaada. Kwa kiasi fulani ni msaada, lakini pia ni mtego. Kwanza, matamshi. Mwingereza akisikia hoteru anaweza asielewe. Kijapani hakitofautishi L na R, kama baadhi yetu tunavyochanganya kula na kura. Kwa Kiingereza kosa hilo linaweza kugeuza mchele kuwa chawa.

Pili, maana huhama. Kwa Mjapani, manshon ni nyumba ya ghorofani, wakati kwa Mwingereza neno hilo ni jumba la tajiri. Sumato kwao ni mtu mwembamba, kwa Kiingereza ni mwerevu au aliyevaa vizuri. Kanningu ni kuibia kwenye mtihani, ilhali asili yake ya Kiingereza ni ujanja. Tusiwacheke. Mwambie Mwingereza akusubiri kwenye kipilefti uone kama atafika.

Mafumbo hayafasiriki neno kwa neno

Ugumu mwingine ni misemo. Mwingereza akitaka kusema kazi ni rahisi sana, husema ni kipande cha keki. Mjapani husema ni kazi ya kabla ya kifungua kinywa. Sisi tunasema ni kama kumsukuma mlevi. Maana ni ileile, lakini ukichukua maneno ya mmoja na kumpelekea mwenzake, utamwacha anashangaa.

Ipo misemo iliyovuka salama. Ule wa kuua ndege wawili kwa jiwe moja Wajapani waliupata kutoka Kiingereza, wakaufupisha kuwa herufi nne tu: jiwe moja, ndege wawili. Lakini ni michache. Mwanafunzi anayekariri orodha ya maneno kwa ajili ya mtihani atajua keki ni nini, atajua kipande ni nini, na bado hatajua ameambiwa nini. Msemo hushika pale unapousikia ukitumiwa na watu, na Mjapani wa kawaida anaweza kumaliza mwezi mzima bila mtu wa kuzungumza naye Kiingereza.

Mtihani na mtoto wa kijijini

Serikali iliona kwamba mtihani wa kuingia chuo kikuu ulipima kusoma na kusikiliza, kuzungumza hakukupimwa. Ikapanga kwamba kuanzia 2020 wanafunzi watumie mitihani ya taasisi binafsi inayopima pia kuzungumza na kuandika. Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Baadhi ya mitihani hiyo iligharimu yeni elfu kadhaa, mingine karibu yeni 25,000 kwa mara moja. Vituo vingi viko mijini. Mtoto wa kisiwani alihitaji nauli na mahali pa kulala, wakati mtoto wa tajiri wa Tokyo angeweza kufanya mtihani mara kadhaa kwa mazoezi.

Oktoba 2019 Waziri wa Elimu, Koichi Hagiuda, alisema kwenye televisheni kwamba wanafunzi wapambane kulingana na hali zao. Wananchi walikasirika. Waliona waziri anawaambia maskini wakubali nafasi yao. Aliomba radhi, na Novemba 1 mwaka huohuo akatangaza kuahirisha mpango. Mwaka 2021 ukafutwa kabisa.

Wazo la kupima kuzungumza halikuwa baya. Lilianguka kwa sababu hakuna aliyejibu swali la nani atamlipia mtoto wa mbali.

Sisi je?

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Mjapani aliyeshindwa Kiingereza bado anaweza kuwa mhandisi wa pikipiki, kwa sababu fizikia na hisabati alizisoma kwa Kijapani hadi chuo kikuu. Tangu karne ya 19 wasomi wao walikaa wakatunga maneno ya sayansi na falsafa kwa lugha yao, na vitabu vikatafsiriwa. Kwake Kiingereza ni somo moja kati ya masomo mengi.

Hapa Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni la Kiingereza. Akikosa Kiingereza amekosa na biolojia, na jiografia, na fizikia. Mzazi anadhani mwanawe hana akili, kumbe hakuelewa swali. Kwa hiyo anayehitaji zaidi kufundishwa Kiingereza vizuri ni mtoto wetu kuliko wa Mjapani, na mjadala wa lugha ya kufundishia hauwezi kuachiwa wasomi peke yao.

Kwa wakati huu, kuna jambo la Japani tunaloweza kuiga bila gharama kubwa. Redio ya NHK ilianza masomo ya Kiingereza mwaka 1925, mwaka uleule redio ilipoanza nchini humo. Februari 1946, nchi ikiwa bado magofu ya vita, Tadaichi Hirakawa alianza kipindi chake cha Kiingereza cha mazungumzo. Alikifungua kwa wimbo wa watoto wa Kijapani uliowekewa maneno ya Kiingereza, na familia zilikaa kando ya redio zikarudia sentensi kwa sauti. Alifundisha mazungumzo ya nyumbani, ya mama na mtoto, na watu wakapata ujasiri wa kufungua mdomo.

Jaribu hilo nyumbani leo. Mtoto akileta neno jipya kutoka shuleni, mwambie alitie kwenye sentensi kuhusu mbuzi, shamba au duka la jirani, kisha aiseme kwa sauti mara tatu. Akikosea asichekwe.

Na wewe tutumie ujumbe wa sauti: ni neno gani la Kiingereza unaloliona kila siku lakini hujawahi kuthubutu kulitamka? Tutayasikiliza pamoja kwenye kipindi cha Jumamosi.