Mama Alimeza Kama Mlivyomwandikia

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wetu.

YAH: KAPSULI ZA KUVUTA ZILIZOGAWIWA KAMA VIDONGE VYA KUMEZA

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima wa afya. Mama yangu si mzima, ndiyo maana barua hii nimeileta hadharani, nikaliacha lile sanduku lenu la maoni ambalo kufuli lake limeshaota kutu.

Mama ni mwalimu mstaafu. Ana pumu ya tangu ujana, na mapafu yake yamechakazwa na moshi wa kuni. Sigara hajawahi kuigusa. Kliniki yenu wenyewe ilimwanzishia pampu yenye dawa mbili kwa pamoja: budesonidi, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, na formoteroli ya kuzilegeza zikae wazi. Avute asubuhi na jioni, ajisikie vizuri ajisikie vibaya. Ilimkaa vizuri. Alikuwa akienda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu chake.

Mwezi ule alipokuja dirishani, pampu hazikuwepo. Zilikuwepo kapsuli zenye dawa zilezile, za aina ambayo hutiwa kwenye kifaa maalumu, kikazitoboa, mgonjwa akavuta unga wake. Kifaa nacho hakikuwepo. Mhudumu wenu akahesabu kapsuli kutoka kwenye kopo, akazitia kwenye bahasha ya plastiki, akaandika juu yake "1 × 2", akaita anayefuata.

Mama akazimeza.

Ndugu Mganga Mfawidhi, nchi hii yote inajua "1 × 2" maana yake ni nini: kimoja, kutwa mara mbili, na maji. Huandikwa hivyo kwenye bahasha za dawa za malaria, za presha, za minyoo. Mama aliyewafundisha kusoma watoto wa mtaa mzima, na huenda baadhi yao wako kwenye orodha yako ya mishahara, alisoma mlichoandika akakitii. Kwenye kopo lililobaki kabatini kwenu palikuwa na onyo kwamba kapsuli zile ni za kuvuta tu. Lilikuwa kwa Kiingereza, lakini lilikuwepo. Mliigawa ile bahasha iliyoweza kumdhuru, mkalitunza lile onyo lililoweza kumwokoa. Na kwa kuwa unga wa namna ile huharibiwa na unyevu, hata angekuwa na kifaa, ile bahasha ingeuharibu pole pole.

Nadhani unayajua haya kuliko mimi, lakini kwa kuwa dirishani kwenu hayajulikani, niyaseme. Dawa ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa sababu kinatua palepale penye ugonjwa. Ukikimeza, kinakwenda tumboni, kisha kwenye ini, na ini huivunja takriban asilimia 90 ya budesonidi kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu. Mapafu hayapati kitu cha maana. Kwa hiyo mama yangu hakuwa "akitumia dawa vibaya". Alikuwa hana dawa kabisa, huku akiamini anayo, na huku daftari lenu la dirishani likionyesha kwamba amepewa.

Mama alimeza asubuhi. Mama alimeza jioni. Kifua kilipoanza kubana alijilaumu kwamba labda anasahau, akaweka kengele kwenye simu ili asikose kumeza. Mwishowe tulimleta usiku, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi. Aliwekewa oksijeni, akalazwa. Gharama za kulazwa tulilipa wenyewe, na sitazieleza hapa.

Kilichonifanya niandike ni kile nilichokikuta kwenye jalada lake siku ya kuruhusiwa. Mmeandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo ya dawa.

Narudia, kwa sababu huenda umesoma haraka. Mlimpa maelekezo. Akayafuata. Mkamwandika kuwa hayafuati.

Nilipouliza dirishani niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba "kila mtu anajua zile ni za kuvuta". Kila mtu ni nani? Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ililazimika kutoa tahadhari kwa umma kwa sababu wagonjwa huko walikuwa wakizimeza kapsuli za kuvuta za tiotropiamu na formoteroli. Huko kapsuli huuzwa ndani ya boksi lenye maelezo, kwa lugha ya mnunuzi, na mfamasia yuko mbele yake. Kama wao walimeza, mlitegemea nini kwa mama aliyepewa bahasha tupu yenye tarakimu mbili na alama ya kuzidisha?

Tuseme kifaa kingekuwepo. Bado angekosea, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha. Pampu ya gesi mama aliijua: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, bana pumzi mpaka kumi, kisha sukutua mdomo na kutema, ili steroidi isiache utando mweupe wa fangasi kinywani. Alifundishwa na muuguzi mmoja wa kliniki yenu, ambaye Mungu amzidishie, na ambaye nasikia mmemhamishia kitengo kingine. Kapsuli ya unga inataka kinyume: hutikisi, hupulizi pumzi ndani ya kifaa, na unavuta kwa nguvu na kwa haraka, kwa kuwa ni pumzi yako inayoubeba ule unga. Kumbadilishia mgonjwa kifaa bila kumfundisha ni kumwondolea dawa, hata kama majina kwenye cheti yamebaki yaleyale.

Na hapa siwezi kuishia kwa mama peke yake, maana nilikaa kwenye benchi la kliniki yenu nikawauliza wenzangu. Kuna mzee anayeivuta pampu ya kinga siku kifua kinapobana tu, siku nyingine anaiweka "isiishe". Kuna dada aliyepewa salmeteroli na flutikasoni, ambayo huchelewa kufungua kifua na haifai kwa shambulio la ghafla, naye ndiyo anayoikimbilia usiku. Kuna kijana mwenye pumu anayeishi kwa pampu ya bluu ya salbutamoli pekee, ingawa tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA unasema mtu mzima na kijana mwenye pumu asitibiwe hivyo bila steroidi ya kuvuta. Hakuna aliyeambiwa kwamba mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayetumia steroidi ya kuvuta huwa karibu zaidi na nimonia, hivyo homa na makohozi yaliyobadilika rangi si ya kusubiri. Wote hawa kwenye majalada yenu ni wagonjwa "waliopewa dawa".

Msiniambie suala ni bajeti. Budesonidi na formoteroli kwa pamoja zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017, kwa hiyo kuzikosa mwezi mzima ni jambo la kueleza, wala si la kuzoea. Lakini kusema "vuta, usimeze" ni bure. Kumwambia mgonjwa "nionyeshe utakavyoitumia" ni dakika mbili. Hata chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri kitakoni ili pampu ya gesi ibane humo, husaidia dawa ifike kwenye mapafu. Watafiti wa Cape Town walilithibitisha hilo kwa watoto wenye pumu na kulichapisha mwaka 1999. Fedha mlizipata za bango la "Mteja ni Mfalme" lililo juu ya dirisha lenyewe. Mfalme alipewa bahasha.

Naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, dawa yoyote ya kuvuta isitoke dirishani bila mgonjwa kuonyeshwa na yeye kuonyesha. Pili, kapsuli za kuvuta zitolewe ndani ya kopo lake, pamoja na kifaa chake, na kwa Kiswahili iandikwe kwa maneno: VUTA, USIMEZE. Kama kifaa hakipo, kapsuli zisitolewe. Tatu, aina ya kifaa isibadilishwe dirishani bila daktari kuarifiwa. Nne, yule muuguzi arudishwe kliniki.

Tano, na hili silisubirii kikao cha kamati: jalada la mama yangu lisahihishwe. Sihitaji kuombwa radhi, wala sijaomba mhudumu afukuzwe. Aliyeandika "1 × 2" huenda naye hakuwahi kufundishwa, na hilo ni lako, Ndugu Mganga Mfawidhi, si lake. Ila mwalimu aliyesoma maagizo yenu neno kwa neno hawezi kubaki kwenye kumbukumbu za serikali kama mtu asiyesikia. Leo hafiki sokoni. Anaishia mlangoni, anashika fremu, anapumzika.

Kwa wasomaji wenye wagonjwa wa kifua nyumbani: fungueni bahasha zenu leo, na kabla ya kuondoka dirishani muulize dawa hii inaingia kwa njia gani.

Mgonjwa alifuata maelekezo. Andikeni hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa mgonjwa wenu