Usikate hicho kichujio: maneno ya nesi kwa mwenye pikapu ya dizeli

1/10
Wewe mwenye pikapu ya dizeli hapa Sokon I, na majirani zetu wa Sombetini, Muriet na Unga Ltd, uzi huu ni wenu. Mimi ni nesi, sio fundi, na najua wengine mtaanza na hilo. Sawa. Ila mafundi wameshaongea sana kuhusu hili jambo na matokeo yake tunayavuta puani kila asubuhi.

Naongelea ile taa ya njano ya DPF kwenye dashibodi, na jibu ambalo limekuwa wimbo gereji: "Bosi, tutoe hiki kidude, kinakusumbua bure." Wanakata ekzosi, wanatoa masega, wanachomelea bomba tupu, kisha wanafuta kwenye kompyuta ili taa isiwake tena. Unalipa, unashukuru, unaondoka.

Msimamo wangu ni huu: hujatengenezewa gari. Umelipia ugonjwa wako uhamishiwe kwa jirani.

2/10
Tuelewane kwanza hiki kidude ni nini. DPF ni kichujio cha masizi. Ndani kuna masega ya kauri yenye vitundu vingi, kila kitundu kimezibwa upande mmoja. Moshi unalazimika kupenya kwenye kuta, masizi yanabaki ndani. Kikiwa kizima kinakamata zaidi ya asilimia 90 ya masizi ya injini.

Kikijaa, kinajisafisha. Ukiwa kwenye mwendo mzuri barabara kuu, joto la ekzosi lenyewe linayapunguza taratibu. Lisipotosha, kompyuta inaongeza dizeli kidogo, joto linapanda mpaka karibu nyuzi 600, masizi yanaungua. Mara nyingi ni kazi ya dakika 10 hadi 20. Mafundi wanaiita rijeni.

Kwa hiyo taa ikiwaka, gari halijafa. Linakuomba nafasi. Wodini, mgonjwa kibofu kikijaa unampeleka haja. Sijawahi kuona nesi akiita daktari aje akitoe kibofu.

3/10
Sasa kwa nini huku kinaziba haraka? Angalia unavyoliendesha. Asubuhi unatoka nyumbani mpaka soko la Kilombero, unazima. Unapakia, unaenda kushusha mtaa wa pili, unazima. Mchana foleni, jioni umeliacha linaunguruma nje ya duka nusu saa unapiga stori. Injini haipati joto la kutosha, na ikianza rijeni unaikatisha kwa kuzima.

Halafu mafuta. Unaweka ya elfu kumi, kesho elfu kumi. Magari mengi hayakubali kuanza rijeni tanki likiwa karibu tupu. Wewe umekaa kwenye rezevu wiki nzima, kisha unasema kidude cha Wazungu hakifai Afrika.

Hakifai Afrika, au hakifai safari za kilometa mbili mbili? Hata wa Ulaya anayezunguka mjini tu kinamziba vilevile.

4/10
Taa ya njano ikiwaka, fanya hivi:

– Hakikisha tanki lina angalau robo, na zaidi ni bora.
– Toa gari mjini. Chukua baipasi kuelekea Usa River, au toka kuelekea Kisongo. Endesha mfululizo, mwendo wa wastani unaoruhusiwa, gia ya chini kidogo ili injini izunguke vizuri. Dakika 20 hadi 30.
– Usizime katikati. Dalili za rijeni ni feni kuwaka, mngurumo ukisimama kuwa juu kidogo, harufu ya moto, mafuta kutumika zaidi. Ukiziona na umefika nyumbani, zunguka tena mpaka imalize.
– Usipaki juu ya nyasi kavu. Ekzosi ina joto la kuwasha moto.
– Kama gari lako lina kitufe cha rijeni, soma kitabu chake kabla hujakibonyeza.

Taa ikianza kumweta, au ya injini ikiwaka na gari likakosa nguvu, acha kulilazimisha. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kulifanyia rijeni likiwa limesimama. Narudia: kulifanyia rijeni. Sio kukata.

5/10
Na fundi akikwambia "kimeziba", muulize kimeziba kwa nini. Sisi mtoto akija na homa hatumpi panadol tu na kumrudisha nyumbani. Tunatafuta homa imetoka wapi.

Nozo inavuja? Tabo inapitisha oili? EGR imeganda? Na swali ambalo wengi hawapendi kuulizwa: themostati ipo? Kuna mtindo wa kuitoa themostati "ili injini isichemke". Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, au haifiki kabisa, na kompyuta inaweza kukataa kuanza rijeni. Yaani fundi wa kwanza kaleta ugonjwa, wa pili anakata kiungo.

Angalia na oili. Gari lenye DPF linataka oili ya majivu kidogo, ile aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Majivu hayaungui, yanakaa mpaka kichujio kishushwe na kusafishwa. Na kijiti cha oili kikionyesha oili imepanda badala ya kushuka, ujue rijeni zimekatishwa mara nyingi na dizeli imeingia kwenye oili. Hapo unaua injini. Badilisha haraka.

6/10
Hoja ya kwanza nitakayorushiwa: "Dizeli yetu chafu, ina salfa."

Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli isiyozidi salfa 50 kwa kila milioni. Jumuiya hiyo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Ulaya nao walikuwa na kiwango hichohicho cha 50 kuanzia 2005, kabla ya kushuka mpaka 10 mwaka 2009, na magari ya DPF yalikuwa barabarani kwao miaka hiyo yote.

Kama kituo fulani kinauza mafuta ya ovyo, hilo ni la kulipigia kelele EWURA na TBS. Mafuta yaliyochakachuliwa yanaua hata nozo zako. Mbona hujasema nozo nazo zitolewe?

7/10
Hoja ya pili naiheshimu zaidi: pesa. Kichujio kipya ni mamilioni. Pikapu ndiyo inalipa ada na kodi ya nyumba, na ikilala gereji wiki mbili nyumbani hakuliki. Sikatai, na sikutukani.

Ila angalia hesabu inavyofanywa. Kati ya kuendesha nusu saa kuelekea Kisongo na kununua kichujio kipya, kuna hatua nyingi: rijeni ya gereji, kurekebisha nozo, kukishusha na kukisafisha. Fundi wa kukata anaziruka zote, anakutajia bei ya kipya uogope, kisha anakuuzia bomba tupu. Umechagua kati ya vitu viwili kwa sababu vingine hukuonyeshwa.

Na kama maisha yako ni safari fupi tu mwaka mzima, hujawahi kutoka mjini, basi ukweli mchungu ni kwamba dizeli ya DPF si gari lako. Nunua ya petroli.

8/10
Sasa nije kwenye eneo langu. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndimo ilimo sigara. Masizi yake ni madogo sana, mengi hayafiki hata micromita moja. Pua haiyazuii. Yanashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na madogo kabisa yanaingia kwenye damu. Mwenye pumu yanamchokoza. Mwenye moyo mgonjwa yanamwongezea mzigo.

Wewe mtu mzima ukiwa umetulia unapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kufika 30 na zaidi akiwa mzima kabisa. Anavuta mara nyingi kuliko wewe. Na akishajua kutembea, pua yake iko karibu na usawa wa bomba lako.

Utaniambia kuna vumbi, kuna mkaa, kuna takataka zinachomwa. Ni kweli, na vyote tunavipigia kelele. Mgonjwa mwenye magonjwa matatu hatumwongezei la nne eti kwa sababu alishaumwa.

9/10
Kuna kitu kinaniudhi zaidi ya moshi wenyewe. Baadhi ya hizi dabo kabini zimetoka Uingereza. Kule, tangu Februari 2014, gari lililotengenezwa na DPF likikutwa halina, linafeli ukaguzi wa mwaka. Gari lilelile likifika kwetu, kukata inaitwa "kulizoesha mazingira". Mapafu ya mtoto wa Sokon I yamekuwa bei rahisi lini?

Na wenzetu Australia, Hilux, Prado na Fortuner zilipowasumbua DPF, walikwenda mahakamani. Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ikakubali kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro ya usanifu. Walimdai mtengenezaji. Sisi tunamlipisha mtoto wa jirani.

10/10
Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Wewe dereva: taa ikiwaka, mpe gari nusu saa ya barabara kabla hujampa fundi grainda. Ukinunua gari lililotumika, mwambie fundi wako achungulie kama masega yapo, maana muuzaji hatakwambia.

Wewe fundi: nunua mashine ya kupimia, jifunze kusafisha. Kuna pesa humo, na mteja atarudi. Ukikata, umemla mara moja tu.

Na nyie wenye mamlaka: Sheria ya Mazingira ipo tangu 2004, kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2007. Kukagua gari linapoingia nchini hakusaidii kama kichujio kinakatwa wiki tatu baadaye. Trafiki anayepima tairi na breki apewe na kipimo cha moshi, na gereji inayokata iulizwe.

Hasira zenu ziwekeni hapo chini kwenye maoni, nitajibu nikitoka zamu. Ila kabla hujaandika "nesi baki na sindano zako", weka kitambaa cheupe mdomoni mwa ekzosi yako kwa dakika moja, injini ikiunguruma, usiguse bomba. Kiangalie. Kisha niambie ungependa kile kilichobaki pale kikae kwenye kifua cha nani.