Mtumishi apimwe kwa kazi, si kwa kiti



Nami natoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo limekuwa likibishaniwa sana na wananchi, yaani watumishi wa Serikali wanaoambiwa wafanyie kazi nyumbani. Swali ni moja tu: je, huko nyumbani wanafanya kazi kweli, au wamepumzika?

Wasomaji watakumbuka kwamba Januari 27 na 28, 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati, watumishi wa umma wa jiji hilo walielekezwa wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya kufungwa kwa barabara. Oktoba 30 mwaka huo huo, siku moja baada ya Uchaguzi Mkuu, na kutokana na vurugu zilizotokea, agizo kama hilo lilitolewa kwa nchi nzima. Agizo hilo halikuwahusu wale ambao kazi zao zinawalazimu kuwapo kituoni.

Hapa kwetu katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema kwamba hiyo ni likizo yenye mshahara, kwani mkulima akikaa nyumbani hakuna anayemlipa, wala mvuvi asiyeingia majini hapati kitoweo. Wengine walisema dunia imebadilika, na kwamba siku hizi barua huandikwa na kutumwa hata mtu akiwa kitandani. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya mahali, hali neno lenyewe ni kazi.

Tuanze na ofisini. Kanuni zinamtaka mtumishi awepo kazini kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Lakini ni nani kati yetu asiyelijua lile koti linaloning'inia kwenye kiti? Mwenye koti amesaini daftari la mahudhurio asubuhi, kisha ametoka kwenda kwenye shughuli zake, na anayemuulizia anaambiwa, "Yupo, ametoka kidogo, msubiri." Mwananchi analisubiri koti mpaka adhuhuri. Kwa mujibu wa daftari, mtumishi huyo yupo ofisini. Je, anafanya kazi? Kwa hiyo wanaodhani kwamba kumrudisha mtumishi kwenye kiti ndiko kumrudisha kazini wanajidanganya.

Tena iko kazi ya Serikali ambayo siku zote imefanyiwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kuitolea agizo. Mwalimu wa shule ya msingi huondoka darasani na rundo la madaftari. Darasa langu lina watoto 84. Nikiwapa hesabu tano kila mmoja, ni hesabu 420 za kusahihisha usiku kwa taa ya sola, na bado andalio la somo la kesho linanisubiri. Hakuna anayeniona isipokuwa watu wa nyumbani kwangu. Lakini anayetaka kujua kama nilifanya kazi hana haja ya kunichungulia dirishani. Afungue daftari la mtoto asubuhi. Akikuta wino mwekundu, nilifanya. Asipoukuta, sikufanya, hata kama nilikesha mezani. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa kila mtumishi, awe Dodoma, Dar es Salaam au Kibiti.

Hata hivyo, ni lazima tukubali kwamba ziko kazi ambazo haziwezi kuhamia nyumbani hata kidogo. Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Vipindi vya masomo vilitangazwa redioni na kwenye televisheni, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hafundishwi kushika kalamu na redio. Anahitaji mkono wa mwalimu juu ya mkono wake. Vile vile mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba za watu katika wilaya za Rufiji na Kibiti, waliohitajika ni watu wa kupanda boti, kuhesabu kaya na kugawa chakula na dawa. Nyumba iliyozingirwa na maji haihesabiwi kwa simu. Mkunga naye hawezi kumzalisha mama mjamzito akiwa sebuleni kwake.

Jambo jingine ni vifaa. Wakati wa agizo la Oktoba 2025 intaneti ilikuwa imezimwa nchini tangu siku ya uchaguzi. Sasa ofisa ambaye majalada yake yote yamo katika mifumo ya Serikali alifanya kazi gani nyumbani siku hizo? Simlaumu. Hata seremala ukimwambia achonge meza, kisha ukaificha randa yake, atakaa tu. Siku hizi sisi watumishi tunajaza kazi zetu katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS. Kwa maoni yangu ni hatua nzuri, kwa sababu unamtaka mtumishi aeleze alichofanya, wala si mahali alipokaa. Lakini katika kijiji ambacho simu inashika sehemu moja tu, chini ya mwembe, na mwalimu ananunua bando kwa fedha yake, hata mtu aliyefanya kazi kweli anaweza kuonekana hakufanya.

Anayeumia zaidi katika mambo haya ni mwananchi wa mbali. Mama mmoja wa kijiji chetu alisafiri Januari ile kwenda kufuatilia mafao ya marehemu mume wake katika ofisi moja jijini. Kutoka huku mtu hupanda boti kwa kufuata maji, maana yakipwa mikondo mingine haipitiki. Akishuka Nyamisati hutafuta usafiri wa kwenda Bungu, ndipo apate basi la Mbagala. Mama huyo alifika ofisini akaambiwa mlangoni kwamba mhusika anafanyia kazi nyumbani. Hapakuwa na namba ya simu iliyobandikwa, wala mtu wa kupokea karatasi zake. Ikambidi akae Mbagala kwa ndugu yake siku tatu. Huenda mhusika alikuwa akichapa kazi kweli huko kwake. Lakini kwa mama huyu ofisi ilikuwa imefungwa. Kazi ya Serikali ambayo mwananchi hawezi kuifikia ina faida gani kwake?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, agizo la kufanyia kazi nyumbani lisitoke peke yake. Mkuu wa kila idara aandike ni kazi gani kila mtumishi ameondoka nayo, na siku ya kurudi aidai, kama vile mwalimu mkuu anavyodai maandalio ya masomo.

Pili, kila ofisi ibandike mlangoni, na kutangaza redioni, vyeo vya wahusika na namba za simu za kuwapata. Aidha abaki angalau mtu mmoja wa kupokea barua na kumwelekeza mgeni, kwani mgeni huyo hakusikia tangazo alipokuwa ndani ya boti.

Tatu, wale ambao hawawezi kufanyia kazi nyumbani, yaani walimu, waganga, wakunga na maofisa ugani, wapatiwe nyumba karibu na vituo vyao. Nasema hivi kwa sababu ofisa akipangiwa kituo cha delta, akakosa pa kulala na kupanga chumba mjini Kibiti, atakuja mara moja kwa wiki, tena maji yakiruhusu. Huyo naye anafanyia kazi nyumbani mwaka mzima bila agizo la mtu yeyote, wala hakuna anayebishana juu yake.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wazee wetu walikuwa na msemo wao, "Uhuru na Kazi". Hawakusema Uhuru na Ofisi. Basi tusigombanie mahali anapokaa mtumishi. Wakubwa wake wamdai kazi aliyopewa, nasi wananchi tumdai huduma, na akishindwa kuonyesha vyote viwili, asijitetee kwamba alikuwa kwenye kiti chake tangu asubuhi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Delta ya Rufiji,
Kibiti.