Maoni yetu: Kadi ya Estonia haitafungua ofisi iliyofungwa Goma

Kuna swali ambalo vijana wa Goma, Bukavu na Butembo wanaofanya kazi kwa intaneti wanaulizana mara nyingi: je, mtu wa kwetu anaweza kupata kadi ya ukaaji wa kidijitali ya Estonia? Wanaouliza ni watu wa kazi. Wanatengeneza tovuti, wanatafsiri, wanachora nembo, wanatafutia kahawa ya Kivu wanunuzi wa Ulaya. Na wengi wanakwama mahali pamoja. Mteja wa Bruxelles amekubali kazi, amekubali bei, halafu anaomba fakture ya kampuni iliyosajiliwa na namba ya konti. Hapo kijana anaanza kutafuta binamu wa Kampala mwenye konti.

Jibu fupi ni kwamba anaweza kuomba. Jibu refu ndilo linalotusumbua.

Estonia ni nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, yenye wakaaji kama milioni 1.3. Tangu Desemba 2014 inampa mgeni anayekubaliwa kadi yenye chipu. Kwa kadi hiyo anaweza kutia sahihi kwa kompyuta, kufungua kampuni Estonia na kuiendesha bila kukanyaga kule. Watu zaidi ya 100,000 wameipata na kampuni zaidi ya 30,000 zimeundwa kwa njia hiyo. Maombi yanafanyika mtandaoni, na polisi ya Estonia inachunguza historia ya mwombaji. Lakini kadi yenyewe haitumwi kwa posta: ni lazima mwenye kuomba aende mwenyewe kuichukua na kutoa alama za vidole, kwenye ubalozi au kituo kilichokubaliwa. Estonia haina ubalozi Kinshasa. Mtu wa Bukavu ahesabu basi safari ya nchi nyingine, juu ya ada inayopita euro 100.

Na tuseme wazi, kwa sababu matapeli hawakosi: kadi hii si viza, si uraia, si pasipoti. Haikuruhusu kuingia Estonia wala nchi nyingine yoyote ya Ulaya. Hata picha yako haimo juu yake. Mtu akikuomba dola 800 akisema itakufikisha Ulaya, anakuibia.

Ukishaipata, bado hujapata konti. Mabenki ya Estonia yanaamua yenyewe ni mteja gani wanamchukua, na baada ya kashfa ya pesa chafu iliyopita katika tawi la Danske Bank mjini Tallinn, yamekuwa na woga mkubwa kwa wageni. Congo nayo iko kwenye orodha ya kijivu ya GAFI tangu Oktoba 2022, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu pesa chafu na ufadhili wa ugaidi. Kijana asiye na kosa lolote anabeba mzigo huo kila anapoandika neno Congo kwenye fomu. Kuna pia gharama ambazo watangazaji wanazisema kwa sauti ndogo: adresi ya kampuni na mtu wa mawasiliano aliye Estonia, vyote vya kulipia, na ripoti ya hesabu kila mwaka. Kodi? Faida inayobaki ndani ya kampuni haitozwi kule, inatozwa pale inapogawiwa. Lakini kampuni inayoongozwa kutoka chumba cha Katindo haiwezi kudhani kwamba kodi ya Congo haiihusu kwa sababu tu makaratasi yako Tallinn.

Kwa wachache wenye wateja wa kudumu Ulaya, hesabu hiyo inaweza kulipa. Hatuwalaumu. Tunachouliza ni kwa nini mtu wa Goma aanze kufikiria nchi iliyo karibu na Urusi ili tu apate karatasi ya kuonyesha kwamba anafanya kazi halali.

Sheria zipo. Mwaka 2012 Congo iliingia OHADA, na mwaka huohuo amri ya serikali ikaunda Guichet unique ya kuunda kampuni, ili mfanyabiashara apate mahali pamoja usajili wa biashara, namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi, bila kuzunguka ofisi na ofisi. Machi 2023 ikatoka sheria ya kidijitali, ambayo inatambua sahihi ya kielektroniki. Kwa maandishi, hatuko nyuma sana.

Halafu ikaja Januari 2025. M23 iliingia Goma, na wiki chache baadaye Bukavu. Mabenki yakafunga milango. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Watu wakaanza kuvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao wenyewe, na wanaotoa pesa kwa simu wakapandisha makato. Tangu hapo mwenye biashara anayetaka karatasi inayotambuliwa na Kinshasa anatazama mji ulio zaidi ya kilomita 1,500, na kati yake na mji huo kuna mstari wa vita. Akichukua karatasi kwa wale wanaotawala mji, je, itakubaliwa kesho? Asipochukua, atafanyaje kazi leo? Hakuna aliyemjibu.

Ndiyo maana hatukubali neno tunalolisikia kwa baadhi ya viongozi, kwamba huduma za mtandaoni ni mambo ya nchi zilizoshiba. Nchi yenye ofisi wazi kila mtaa inaweza kungoja. Nchi ambayo ofisi zake zinakimbia pamoja na maafisa wake ndiyo inayohitaji rejista isiyokimbia.

Estonia yenyewe haikuanza na wageni. Ilianza kwa kuwajua watu wake: kuanzia 2002 raia walipewa kadi ya utambulisho yenye sahihi ya kidijitali, na mwaka mmoja kabla ya hapo ofisi za serikali zilikuwa zimeanza kuunganishwa ili taarifa mtu aliyokwisha kutoa asiombwe tena. Kadi ya wageni ilikuja miaka kumi na zaidi baadaye. Sisi sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Kwa wengi wetu kitambulisho ni kadi ya uchaguzi, ambayo wino wake unafutika kabla ya muhula wa rais kuisha.

Tusifikiri pia kwamba mashine ni malaika. Mwaka 2017 kasoro ya usalama iligunduliwa kwenye chipu za kadi za Estonia, kadi zipatazo 750,000. Serikali iliwaambia wananchi, ikazuia matumizi ya kadi hizo hadi zirekebishwe. Karibu zaidi na sisi, Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya ulishambuliwa na watu wakakosa huduma kwa siku kadhaa. Kwetu hatari ina uso mwingine: orodha ya wafanyabiashara wa Goma, na adresi zao, mikononi mwa mtu mwenye bunduki. Anayejenga mfumo huo lazima aeleze kwanza nani ataiona orodha hiyo.

Lakini kazi ya kuanzia si kubwa. Tunaiomba wizara ya sheria na Guichet unique ijibu maswali matatu hadharani. Mtu aliye Goma, Bukavu au Uvira anaweza leo kuanza na kumaliza usajili wa kampuni kwa simu, bila kutuma mjumbe wala bahasha? Kama hapana, ni ofisi gani inayokataa sahihi ya kielektroniki ambayo sheria ya 2023 inaitambua? Na kampuni iliyosajiliwa kabla ya Januari 2025, ambayo mwenyewe hawezi kufika ofisini kubadilisha adresi au kutangaza kodi, itahesabiwa kuwa na deni na faini?

Swali hili la tatu ndilo la haraka. Kuna wenye biashara wanaolala na hofu ya faini ya ofisi ambayo mlango wake una kufuli. Tangazo la ukurasa mmoja, lenye sahihi ya waziri, lingetosha kuwatuliza wakati mengine yanangojwa.