Kelele Si Kazi ya Mpiga Picha

Kamati nyingi za harusi hapa Dar es Salaam zina kipimo kimoja cha mpiga picha: asikike. Anayepaza sauti, "Bibi harusi, inua kidevu! Bwana harusi, mshike kiuno! Hebu rudieni kuvishana pete!", huyo ndiye anayeonekana kustahili fedha za michango. Anayepenya kimyakimya kati ya meza bila kumwamrisha mtu huitwa mvivu, tena mbele ya wageni: "Mbona huyu hatupangi?"

Imani hiyo ni potofu, na inatuharibia harusi zenyewe.

Tazameni ratiba. Ndoa imefungwa saa nane mchana, kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia ukumbini saa tatu usiku. Walikuwa wapi? Ufukweni, wakipigwa picha huku wakijifanya wanacheka. Shangazi aliyetoka Moshi kwa basi anasinzia na soda yake. MC anakatakata ratiba kwa sababu saa sita ukumbi unafungwa, na mzee aliyejiandaa kuwausia wanawe anapewa dakika mbili. Kisha tunasema picha ni kumbukumbu. Kumbukumbu ya nini, ya ufukwe?

Mazoea ya kuganda mbele ya kamera yana asili yake. Katika studio za karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes kule Zanzibar, watu walitulia kwa sababu vifaa vya wakati ule vilitaka mwanga mwingi na muda. Ukitikisika, sura inavurugika. Sababu hiyo ilishakufa. Mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica iliingia sokoni, na wapiga picha kama Henri Cartier-Bresson wakaitumia kuwapiga picha watu wakiwa katika shughuli zao. Leo kamera inamudu mwanga hafifu: kwa ISO 6400 na lenzi ya f/1.8, mama anayeserebuka chini ya taa za zambarau anapatikana vizuri tu. Sisi bado tunamwambia agande.

Na huyo "mvivu" anafanya nini? Ameshamwuliza MC ndafu itaingilia mlango upi. Kanisani amezima flashi na amechagua nguzo ya kusimama kabla kwaya haijaanza. Wakati wa kulishana keki, wenzake wote wameielekeza kamera kwenye uma. Yeye yuko upande wa pili, kwa sababu ameona dada wa bibi harusi amegeuka kufuta machozi. Anayeamrisha akikosa, anasema "rudieni". Huyu hana marudio. Kazi ngumu ni ya nani hapo?

Sisemi picha ya ukoo ifutwe. Bibi anaitaka, ataitundika sebuleni, na ni haki yake. Ipewe robo saa nje ya kanisa, orodha ishikwe na shangazi mwenye sauti (kila ukoo unaye), halafu watu waachwe washerehekee.

Ndugu wanakamati, mnapomsaili mpiga picha, msikubali kuonyeshwa picha ishirini alizozichagua yeye. Mwambieni alete harusi moja nzima, tangu saluni hadi watu wanapoaga. Mkiona maharusi peke yao ukurasa baada ya ukurasa, mwulizeni ninyi mliochanga mtaonekana wapi.